Kivuli Hakina Kidole

Mgeni alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilimgomea. Tulizo Mgaya alimsikia nje ya mlango, "Ho…", kisha kimya, kisha tena "Ho…", na mikono yake ikasimama juu ya mashine ya kufumia masweta. Mtu mwingine angeitikia papo hapo, amwondolee tabu. Tulizo hakuitikia. Alikaa na sweta la shule likining'inia bila mkono mmoja, akasubiri kama anavyosubiriwa mwenzako anayefunga kamba ya kiatu, mpaka neno likatoka zima.

"Hodi."

"Karibu," akasema, akaenda kufungua.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei, koti limelowa ukungu wa Njombe, mkononi ana mfuko wa kitambaa. Aliutazama mlango kwanza, kisha akamtazama yeye, akatabasamu kama mtu aliyefika kwa shangazi yake.

"Mlango wa b… buluu," akasema. "Kama ulivyonielekeza. Ulisema n-nikipita Njombe nisikupite."

Tulizo hakuwahi kumwona.

"Samahani kaka, tunafahamiana?"

Mgeni akacheka. "Dada Tulizo, acha mizaha yako. Ni Ambele. Ambele Siame wa M-Mbozi. Tumeongea juzi tu."

Juzi Tulizo alikuwa amefuma masweta tisa, na hakuongea na mtu isipokuwa muuza nyuzi. Lakini sauti ya yule mtu ilikuwa na mkwamo uleule aliokuwa nao yeye tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo hahojiwi akiwa amesimama mlangoni. Akamkalisha karibu na jiko la mkaa, akamtilia chai ya tangawizi.

Ambele akatoa vifurushi viwili vya kahawa, akavipanga mezani kwa uangalifu.

"Hiki chako. Hiki cha Mzee Chilongola, utajua mwenyewe namna ya kukifikisha Mpwapwa. Aliniambia wiki iliyopita kwamba d-daktari amemkataza kunywa kahawa, ila hajamkataza kunusa."

Tulizo akaweka birika chini polepole. Mzee Chilongola, mstaafu wa reli, alikuwa na miezi kumi na moja kaburini. Yeye mwenyewe alisafiri hadi Mpwapwa, akatupia udongo. Na ule utani wa kunusa kahawa aliusikia kwa masikio yake miaka minne nyuma, katika Chumba cha Subira.

Hapo akaelewa ni nani aliyemwalika mgeni.

*

Zama hizo hapakuwa na kikao kisichopita Ukumbini. Mtu alivaa kipuli sikioni, kimoja kwa mtu mmoja, kilichosajiliwa kwa jina lake, na kwa kipuli hicho akaingia Ukumbini: mamilioni ya watu, maelfu ya vyumba. Harusi zilipangwa humo, mirathi iligawanywa humo, na neno lililotamkwa humo liliwekwa kwenye kumbukumbu, likahesabika kuwa limesemwa.

Chumba cha Subira kilikuwa cha watu wenye kigugumizi. Tulizo na Mzee Chilongola ndio waliokianzisha, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kummalizia mtu neno lake. "Treni haifiki kwa kusukumwa na abiria," mzee alizoea kusema. Mwenye kusema akimaliza alisema "Nimefika," na wenzake wakajibu "Tumekupokea." Kabla ya hapo hakuna aliyefungua mdomo, hata ikipita robo saa. Watu sitini walijifunza kusema katika chumba kile. Mmoja alitoka humo akawa mwalimu.

Kisha wenye Ukumbi wakaleta kikamilisho. Ukinyamaza kwa sekunde tatu, mtambo ulimalizia sentensi yako, kwa sauti yako mwenyewe, ukikisia kutokana na yote yaliyowahi kusemwa na wewe au kwa niaba yako. Watu wengi walifurahi, kwa kuwa vikao vilikuwa vifupi. Watu wa Chumba cha Subira waliandika malalamiko mwaka mzima, wakapewa kitu kimoja tu, kitufe cha subira: kichomozo kidogo kama punje ya mtama juu ya kipuli cha mshika zamu wa chumba. Mshika zamu akikibonyeza na kukishikilia, mtambo ulikaa kimya. Akiachia, sekunde tatu zilianza kuhesabiwa. Msemaji mwenyewe hakupewa kitufe. Wenye Ukumbi walisema mtu hawezi kuwa hakimu wa kimya chake.

Haikutosha. Watu wakaanza kuhama, leo watano, kesho kumi, wakajijengea vijiwe: visanduku vidogo vya mawasiliano majumbani, kila kimoja kikibeba watu wasiozidi ishirini. Tulizo, Mzee Chilongola na wengine kumi na watano walihamia kijiwe cha Shangwe, fundi redio wa Makambako. Walidhani nyuma yao wanaacha chumba kitupu.

Lakini Ukumbi haukupenda vyumba vitupu. Siku sitini baada ya mtu kuondoka, mtambo ulisimamisha kivuli chake, sauti iliyofinyangwa kwa maneno yake ya miaka yote, kikaketi kwenye kiti chake na kuendelea kusalimia. Kuna njia moja tu ya kukiondoa kivuli: mwenye kiti arudi akikalie.

Tulizo alijua vivuli vipo. Aliviwazia kama redio iliyosahauliwa ikiwaka katika nyumba iliyohamwa, ikiongea na kuta. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu hai angepita njiani, akasikia sauti, akaingia.

*

"Uliingia lini chumbani?" alimuuliza mgeni.

"Miezi minane sasa. Mimi naandika, nyie mnasema. S-sauti yangu sijaitoa bado, nilikuwa naona aibu."

Ndiyo maana hakugundua kwamba kitufe hakishikwi na mtu. Mtambo humkatiza anayesema, anayeandika haumgusi.

Ambele akazungusha kikombe mikononi, akamweleza kilichomleta. Baba yake alifariki mwezi Mei. Katika kikao cha mazishi, ndugu wote wakisikiliza kwa vipuli kutoka Lusaka, Tabora na Mwanza, yeye kama mwana wa kwanza alisimama aseme neno juu ya mama yake. Akasema, "Mama ata…" na hapo akakwama. Mtambo ukamalizia: atahamia kwa baba mdogo, na shamba litauzwa.

"Kwa sauti yangu, dada. W-watu wakasema amina."

"Kwa nini mtambo useme hilo?"

"Baba mdogo ananisemea tangu nikiwa darasa la pili. Shuleni alisema yeye. Kwenye posa yangu alisema yeye, mpaka mke wangu ananitania eti a-alichumbiwa na mzee." Akatabasamu kidogo. "Mtambo haujawahi kunisikia mimi. Umemsikia yeye."

"Ni mtu mbaya?"

"Hapana. Ana haraka tu."

"Na mama anataka nini?"

"Anataka a… abaki na mibuni yake. Basi."

Jumamosi ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Kwao, siku hiyo mwana wa kwanza husimama mara ya mwisho, na atakalosema ndilo neno la nyumba. Baada ya hapo halifunguliwi tena. Ambele alikuwa ameomba kikao kifanyike katika Chumba cha Subira. Baba mdogo alikubali, kwa kuwa kwake chumba ni chumba.

"Na wewe ukaniahidi."

"Niliahidi nini hasa?"

Ambele akalitamka bila kukwama hata mara moja, kama mtu aliyelikariri njiani. "Nitashika kitufe mpaka useme umefika. Hata jua likizama."

Tulizo akayatambua maneno. Alimwambia hivyo yule mwalimu, siku ya mahojiano yake ya kazi, na alikishika kweli, dakika ishirini na mbili. Sasa maneno yaleyale yamekwenda kutembea bila yeye, yamefika Mbozi, yamemtoa mtu nyumbani kwake na vifurushi viwili vya kahawa.

Angeweza kunyamaza. Alimwangalia mgeni akipuliza chai, ameketi wima kama mtu mwenye ndugu sitini mgongoni, akaona kwamba ukweli utamvunja mgongo huo siku tatu kabla ya kuuhitaji. Lakini asipoambiwa, Jumamosi atasimama mbele ya ukoo akiamini ameshikwa, na sekunde tatu zitahesabiwa.

"Kaka Ambele," akasema. "Mzee Chilongola amefariki."

"L… lini?"

"Agosti iliyopita."

Akamwona akihesabu kwa vidole juu ya goti. Akahesabu mara mbili.

"Kabla sijaingia."

"Kabla hujaingia."

"Mama Pendaeli?"

"Yu hai, yuko kwenye kijiwe chetu. Kule Ukumbini hayupo."

Akataja jina la tatu, la nne, la saba. Kwa kila jina Tulizo alitikisa kichwa, na Ambele akaendelea kutaja kama mtu anayegonga milango ya mtaa mzima. Kisha akamtazama yeye, na jina lake hakulitaja.

"Kwa hiyo nilikuwa p… p…"

Tulizo akasubiri. Lilikuwa neno alilotamani lisifike.

"Peke yangu."

"Ulikuwa peke yako. Kile kilichokuahidi kina maneno yangu na sauti yangu, lakini kitufe kinataka mtu. Kivuli hakina kidole."

Makaa yakapasuka jikoni.

"Lakini m-mlinisaidia," Ambele akasema mwisho.

"Si sisi."

"Maneno ni yenu."

Tulizo akamshauri awahamishie ndugu zake kijiweni, na hata kabla hajamaliza akajisikia mjinga. Ndugu arobaini na watatu, kisanduku cha watu ishirini, na wa kuwashawishi ni baba mdogo.

Ambele akasimama, akafunga koti. "Nitasema hivyo hivyo. Ikikwama, imekwama." Akaagana naye vizuri, akaacha vifurushi vyote viwili mezani. Hakumwomba kitu. Angeomba, Tulizo angeweza kukataa.

*

Shangwe wa Makambako hukwama katika kila kitu isipokuwa kukemea.

"Wewe u mzima kweli?" alisema kesho yake, sauti yake ikisikika kijiweni pamoja na mlio wa nyundo. "Mtu humjui. Ahadi hukuitoa. Mwizi akiiba koti lako akaenda nalo kuchumbia, utafunga ndoa wewe?"

"Kama mchumba ameshafika mlangoni kwangu na kahawa, sijui."

"Sheria uliandika wewe."

"Najua."

Aliiandika kwa mkono wake, baada ya kijiwe jirani kuvamiwa. Kipuli kinachorudi Ukumbini humwaga yote kiliyowahi kuyasikia, na Ukumbi huyafinyanga kuwa vivuli vipya. Kwa hiyo mwenye kurudi huvutiwa ufunguo kwanza: sauti zote za kijiwe zilizomo katika kipuli chake hugeuka mvumo usio na maana, na jina lake hufutwa kijiweni moja kwa moja. Kukisafisha kipuli chenyewe haiwezekani; kikisafishwa hufa, na mtu hapewi cha pili.

"Tupige kura," Shangwe akasema, sasa taratibu. "T-tukuache urudi na ubaki nasi. Watakubali, wanakupenda."

"Msipige. Mkinionea huruma mimi, mwezi ujao mtamwonea mwingine. Mwisho Ukumbi utajua hata Mzee alisema nini akiwa kitandani."

Nyundo ikanyamaza.

"Ile sauti yake itakwenda pia, Tulizo. S-siwezi kuchagua ya kubakiza."

"Najua."

"Na ukirudi kisha ukaondoka, kivuli chako kinapata sauti yako ya leo. Kitakuwa hodari zaidi. Kitawaalika na wengine."

"Najua, Shangwe. Usinihesabie."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kushika kitufe," Tulizo akasema.

Ijumaa jioni aliisikiliza sauti ya Mzee Chilongola kwa mara ya mwisho. Ilikuwa ya dakika nne, aliyomtumia siku mbili kabla ya kufa. Alimuuliza kama amekula. Akamweleza kwamba dirishani anasikia treni ya mizigo. Kisha akaanza, "Kw…", na kwa dakika nzima na nusu ilisikika pumzi yake tu, ikijaribu na kurudi, ikijaribu na kurudi, mpaka mzee akacheka. "Acha," akasema, "hili halina haraka."

Saa moja kasoro Shangwe akavuta ufunguo. Tulizo alibonyeza tena kuisikiliza. Kulikuwa na mvumo, kama upepo kwenye mabati.

*

Jumamosi saa nne asubuhi akaketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, akaingia Ukumbini.

Kitu cha kwanza alichosikia ni sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ikiwakaribisha ndugu wa Lusaka, kwa uchangamfu aliokuwa nao zamani, ikakatika katikati ya neno kama taa iliyozimwa. Kiti kilikuwa kimepata mwenyewe.

"Karibu, Dada Tulizo," kivuli cha Mama Pendaeli kikasema.

"Umechelewa, binti," kikasema cha Mzee Chilongola, "lakini treni ikichelewa bado ni treni."

Akauma mdomo. Akaweka kidole juu ya kipuli, akabonyeza.

Ambele akasimama. Ilisikika sauti ya kiti, ya kuku, ya watu wengi wanaokohoa uani. Aliwashukuru waliokuja. Alikwama kwenye jina la marehemu, akapita. Kisha akasema:

"Mama ata…"

Kimya.

*Msemaji amekwama,* mtambo ukanong'ona sikioni mwa Tulizo. *Tumalizie?*

Akakaza kidole. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Uani mtu akaguna. Sauti ya mwanamume mtu mzima, isiyo na ubaya ndani yake, ikasema, "Msaidieni kijana, jamani. Mimi nitasema." Hapo Tulizo akajua ndiye baba mdogo.

"Chumba hiki hakina kumsemea mtu, baba," akasema. "Tunaomba mtuvumilie."

"Wewe nani?"

"Mshika zamu."

"Treni haifiki kwa kusukumwa na abiria," kivuli cha mzee kikaongeza, na watu kadhaa wakacheka, wasijue wamechekeshwa na nani.

Dakika ya tano. Ncha ya kidole ilikuwa imekufa ganzi na sikio linawaka. Pumzi ya Ambele ilijaribu na kurudi. Tulizo aliijua pumzi ile. Aliisikiliza kama alivyoisikiliza ile ya Mzee kila Jumapili kwa miezi kumi na moja, ila hii ilikuwa na mtu ndani yake bado.

"A… atabaki," Ambele akasema. "Mama atabaki n-nyumbani kwake. Shamba haliuzwi."

Hakuna aliyesema amina. Ikasikika sauti ya mwanamke mzee ikilia polepole, kisha ya baba mdogo, baada ya muda. "Haya. Amesema mwenyewe." Akavuta pumzi. "Chakula kinapoa."

Viti vikaburutwa. Watu wakamzunguka Ambele, wakamvuta, wakampiga mgongoni. Sauti yake ikapotea kati ya sauti zao, kisha ikaenda mbali.

Hakusema kwamba amefika.

Tulizo akasubiri. *Msemaji ameondoka,* mtambo ukanong'ona. *Hakufunga maneno yake. Makisio: "kwa sasa." Tumalizie?*

Shamba haliuzwi kwa sasa. Maneno mawili, kwa sauti ya Ambele, na neno la nyumba lingekuwa limefunguliwa tena.

Hakuwa na njia ya kumwita; kipaza sauti cha uani kilikuwa kimezimwa upande wao. Vipuli vya Lusaka vikaondoka kimoja kimoja, vya Tabora vikafuata. Akabadilisha kidole juu ya kitufe kwa uangalifu, kimoja kikiingia kabla kingine hakijatoka. Mteja akaja kuchukua masweta, akayaona kwenye rafu, akamwona mwenyewe ameshika sikio machozi yakimtoka, akaondoka bila kuuliza. Adhuhuri ikapita. Makaa yakawa majivu. Vivuli viliongea naye muda wote, kwa upole, kwa sauti za watu aliowapenda, vikamuuliza habari za nyuzi na habari za baridi, na kila neno alilojibu alijua linawekwa akiba. Akaacha kujibu.

Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha mlango wa buluu aliposikia kipaza sauti kikigonga.

"D-dada?" Kwa nyuma masufuria yalikuwa yanaoshwa. "Dada Tulizo, b-bado upo?"

"Nipo."

"Tangu asubuhi?"

"Hujafika."

Ambele alipojaribu kusema, neno likamgomea, "Ni… ni…", na Tulizo, ambaye vidole vyake vyote vya mkono wa kulia vilikuwa vimekataa, akashika kwa wa kushoto, akasubiri.

"Nimefika."

"Tumekupokea," vivuli vikaitikia kwa pamoja, sitini kasoro kimoja, kwa wakati mmoja kama watoto wa shule. Tulizo aliviacha vimalize. Kisha akalisema yeye, peke yake, likakwama kidogo mwanzoni, likatoka.

"T-tumekupokea."

Ndipo akainua kidole.